MTAZAMAJI, ULIZA KILICHOMO NDANI YA KOPO

Kama una simu ya kutazamia video, au jirani yako anayo, bila shaka umewaona. Ni wasichana na akina mama wanaojipiga picha wakijipamba. Mmoja anaanza na uso mtupu. Anapaka hiki, anapaka kile, anachora nyusi. Baada ya dakika tano anang'aa kama bibi harusi. Katika saluni za Mpanda wanatazamwa. Karema na Inyonga wanatazamwa pia.

Watazamaji wanataka nini kwao? Soma maneno wanayoandika chini ya video hizo. Wengi huuliza, "Dada, umepaka nini?" Wanataka jina la kitu, bei yake na mahali kinapouzwa. Wanataka kumwona mtu mwenye ngozi kama yao. Hayo ni matakwa ya haki. Kujipamba si ugonjwa. Na wako wanaofundisha vizuri, kwa mfano kunawa uso kabla ya kulala na kutochangia wanja. Hilo la wanja lishike, maana magonjwa ya macho huhama kwa njia hiyo.

Lakini wengine huuliza, "Nifanye nini niwe mweupe upesi?" Hapo ndipo penye hatari. Mara nyingi jibu ni kopo lisilo na maandishi, au mkorogo, yaani krimu kadhaa zilizochanganywa pamoja. Ukiuliza kilichomo, unaambiwa ni siri, tuma fedha kwanza.

Sisi wa Mpanda tunaijua zebaki. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki. Wanaonywa wasiishike kwa mkono mtupu, wala wasiichome karibu na watoto. Basi, katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi imo zebaki. Humo haionekani ikimetameta kama ya mgodini, kwa sababu imetiwa kwa namna ya chumvi. Lakini sumu ni sumu. Je, kitu unachoogopa kukishika utakipaka usoni asubuhi na jioni?

Ngozi yetu hutengeneza rangi yake yenyewe, na rangi hiyo hutukinga na jua kali. Zebaki huzuia kazi hiyo. Kisha hupenya, huingia katika damu na kufika kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha. Mama mjamzito akiipaka, zebaki humfikia mtoto tumboni. Aliyejifungua naye huweza kumpa mtoto kwa maziwa.

Ziko dawa nyingine mbili za kuogopa. Ya kwanza ni haidrokwinoni. Ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi ya bluu yasiyotoka, yaani kinyume kabisa cha ulichonunua. Ya pili ni krimu kali za hospitali, ambazo mganga humpa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache tu. Ukizipaka miezi na miezi, ngozi huwa nyembamba, hupasuka mistari, na vidonda huchelewa kupona.

Umejifunza kusoma, basi soma kopo. Ukiona herufi hizi, MERCURY, HYDROQUINONE, CLOBETASOL au BETAMETHASONE, lirudishe kwa muuzaji. Kopo lisilo na maandishi nalo usilinunue. Katika nchi yetu vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Jambo jingine wasilokuambia ni kwamba simu yenyewe inaweza kulainisha uso na kuung'arisha. Huenda yule dada hakupaka chochote cha kumfanya mweupe! Mwulize: je, simu yako imeongeza weupe? Je, umelipwa na mwenye krimu? Tuonyeshe uso huo baada ya miezi mitatu, juani, bila kupambwa. Watazamaji wengi wakiuliza hivyo, atalazimika kujibu, kwa sababu bila watazamaji hana kazi.

Kama umekwisha kuanza kujipaka, usione haya. Nenda zahanati na kopo lako, umwonyeshe mganga. Ukiacha krimu kali ghafla ngozi inaweza kuwaka na kutoka vipele, kwa hiyo ni vizuri akuongoze. Ukiona uso au miguu inavimba, au mkojo una povu jingi, nenda siku hiyo hiyo. Kopo lenyewe usilichome moto na usilitupe karibu na kisima. Lifunge ndani ya mfuko, liweke mbali na watoto, kisha uulize zahanati pa kulipeleka.