KURA ZILEZILE, VITI TOFAUTI: TUNAJIFUNZA NINI LESOTHO?

Katika semina zetu za elimu ya uraia wajumbe wa kamati za sharika huuliza: ikiwa watu wamepiga kura kwa utulivu, kwa nini baadaye wagombane? Tunajibu kwa mfano wa Lesotho, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi kufuata.

Mwezi Mei 1998 nchi hiyo ilichagua wabunge 80, kila jimbo mmoja, aliyeongoza akichukua kiti. Chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura, lakini kikapata viti 79. BNP, chenye karibu robo ya kura zote, kiliambulia kiti kimoja. Wapinzani walidai wameibiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ilikuta kasoro, ila haikuweza kuthibitisha wizi. Na kwa kweli wizi hauhitajiki: chama kinachoongoza karibu kila jimbo hufagia vyote, na kura za wengine hazileti mbunge. Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yaliingia. Watu waliuawa, na maduka mengi ya Maseru yakateketezwa.

Baadaye vyama vilikaa pamoja, vikakubaliana kuongeza viti 40 vya fidia, vinavyogawiwa kwa kuangalia kura za kila chama nchi nzima. (Viti maalum vya wanawake hapa Tanzania navyo hufuata uwiano wa kura, lakini huongezwa tu juu ya ushindi wa majimbo, havimfidii aliyepunjwa.) Mwaka 2002 LCD ilishinda tena karibu majimbo yote, ila BNP ikapata viti 21. Maseru haikuchomwa.

Tusifiche upande wa pili. Mwaka 2007 vyama vikubwa viliungana kijanja na vidogo ili kuvuna viti vya fidia visivyostahili, na ugomvi ukarudi hadi sheria iliporekebishwa kabla ya uchaguzi wa 2012. Tangu hapo zimetawala serikali za mseto, nazo huvunjika: wananchi walirudi kupiga kura 2015 na 2017. Mwaka 2014 Waziri Mkuu Thabane alikimbilia Afrika Kusini akilihofia jeshi, tatizo ambalo hakuna mfumo wa kura unaoliondoa peke yake.

Katika semina zijazo tutakuja na maharage. Kila kamati itahesabu kura zilezile kwa njia zote mbili.