Je, Wajua? Kupanda ni Injini, Kushuka ni Breki

Mafundi wa Kericho wanajua: mteja huja akitaka gari lake lipande mlima kwa kasi. Suala la kushuka hulikumbuka harufu ya pedi ikishamfikia puani. Safu ya leo ni ya wenye Probox, Vitz, Fielder na Noah wanaojiuliza pesa kidogo walizo nazo waziweke wapi kwanza.

Je, wajua kwamba ukishuka kutoka Kericho hadi Ahero, gari lako linabeba joto la kupikia kijiji chai? Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ahero haifiki 1,200. Gari la kilo 1,200 likishuka mita 800 huachilia nguvu ya kutosha kuchemsha takriban lita 30 za maji. Ni kama kulisimamisha mara 20 kutoka kilomita 100 kwa saa. Upepo, tairi na injini huchukua sehemu yake. Iliyobaki huishia kwenye diski na pedi.

Je, wajua kwamba breki yako ya ziada ni ya bure? Ni injini. Wazee wa lori husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwenye gari la otomatiki, alama kama L, 2 au B zilizo chini ya D ziliwekwa kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba kuweka nyutro mteremkoni hakuokoi petroli? Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia, ukiondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta yake huikatia petroli kabisa. Ukiweka nyutro, lazima inywe kidogo ili isizime. Unalipa zaidi, na breki ya injini umeitupa.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunywa maji? Huvuta unyevu polepole kutoka hewani, na unyevu Kericho haukosekani. DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kikomo hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na pedeli huzama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ni kazi ya bei nafuu. Ila usichanganye DOT 5 na hizo nyingine: hiyo ni ya silikoni, licha ya jina kufanana na 5.1.

Je, wajua kwamba pedi nyingi huandikwa tabia zake ubavuni? Tafuta herufi mbili kama EE, FF au GG. Ya kwanza ni mshiko pedi ikiwa baridi, ya pili ni mshiko ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hufika 0.45, na G 0.55. Pedi ya FE inalegea ikipata moto. Kwa mtu wa milima, herufi ya pili ndiyo ya kuuliza dukani.

Je, wajua kwamba pedi za magari ya mashindano zinaweza kukuangusha asubuhi? Nyingi hutaka joto kali ndipo zishike. Ukitoka nyumbani Litein saa kumi na mbili, baridi ikiuma, breki ya kwanza langoni huenda ikawa hafifu kuliko ya pedi ya kawaida.

Je, wajua kwamba diski kubwa haifupishi breki moja ya ghafla? Kama breki ulizo nazo zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) au kufunga magurudumu, umeshafika kikomo cha tairi. Diski nzito husaidia kubeba joto la mteremko mrefu. Kinachoshika lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa? Tarakimu 2319 ubavuni maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mitumba lenye meno marefu linaweza kuwa na mpira uliokauka kitambo.

Je, wajua kwamba Kericho hutajwa miongoni mwa maeneo yanayopigwa sana na mvua ya mawe duniani? Barafu ikitanda barabarani ni kama kukanyaga maharagwe makavu. Na kwenye changarawe za vijijini Bomet, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa hujirundikia kokoto mbele yake. Faida yako ni kwamba bado unaweza kukata kona.

Je, wajua kwamba diski za breki ni kongwe? Mwingereza Frederick Lanchester alizisajili mwaka 1902. Zilijizolea sifa mwaka 1953, Jaguar ilipozitumia kushinda Le Mans, mwaka ule ule Safari Rally ilipozaliwa Afrika Mashariki. Zile zenye matundu zilikusudiwa kutoa gesi za pedi za zamani. Pedi za leo hutoa gesi kidogo, na tundu ndipo ufa hupenda kuanzia.

Je, wajua kwamba spesa zinazoinua gari zina bei ya pili? Tumbo halikwaruzi tena, sawa, lakini uzito umepanda juu na gari linalala zaidi kwenye kona. Ukishainua, pima upya mpangilio wa magurudumu. Rimu kubwa nazo hudanganya: kipenyo cha tairi kikizidi kwa asilimia 5, mshale husema 80 nawe uko 84.

Je, wajua kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake ikifika Kericho? Hewa ni nyepesi. Ekzosi ya kelele hairudishi nguvu hizo. Chujio safi la hewa husaidia: uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, mwaka 2009 ulionyesha kuwa chujio lililoziba hupunguza uchangamfu wa gari la kisasa, ingawa matumizi ya mafuta hayabadiliki.

Je, wajua kwamba breki bora kuliko zote ni kupunguza abiria? Watu 9 wa kilo 70 ni kilo 630, zaidi ya nusu ya uzito wa Probox yenyewe. Hakuna pedi inayouzwa mjini itakayofidia hilo.

Je, wajua kwamba Kaunti ya Kericho imeshuhudia vifo vya watu zaidi ya 100 kwa ajali mbili tu? Basi lilianguka Fort Ternan tarehe 10 Oktoba 2018, na lori likavamia watu katika makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023. Kila moja iliua zaidi ya 50. Wengi wa waliokufa Londiani hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa kando ya barabara wakitafuta riziki.

Je, wajua kwamba jaribio la breki halihitaji fundi? Kabla ya mteremko, palipo tambarare na nyuma hakuna mtu, kanyaga pedeli kwa nguvu. Gari likivuta upande mmoja, pedeli ikiwa laini kama sponji, au ikizama polepole chini ya mguu, egesha hapo hapo juu upige simu gereji.