Muhuri wa Mwenyekiti Haukupi Nyumba

Anayenunua nyumba Moshono, Muriet au Olasiti jijini Arusha mara nyingi huishia mezani kwa mwenyekiti wa mtaa. Dalali yupo, mashahidi wapo, picha ndogo za muuzaji na mnunuzi zimebandikwa kwenye mkataba, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa. Mnunuzi hutoka akiamini amepata nyumba. Alichopata ni ushahidi kwamba amelipa. Iwapo muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, karatasi ile haisemi, na kwangu hiyo ni hatari kubwa kuliko hata hati za kughushi zinazotutisha kila siku.

Kisheria ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na kilichojengwa juu yake. Penye hatimiliki, haki hiyo imeandikwa kwa Msajili wa Hati, na Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mwenye jina kwenye hati huhesabiwa mmiliki mpaka ithibitike aliipata isivyo halali. Kwa hiyo omba upekuzi rasmi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, usipokee nakala aliyokuja nayo muuzaji. Upekuzi huonyesha jina, rehani ya benki na zuio lililowekwa na mwenye madai. Kwenye ardhi ya kijiji, ambayo bado ni nyingi Meru na Arusha Vijijini, idhini hutolewa na halmashauri ya kijiji kwa kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka hayo, na tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilishakataa kutambua mauzo yasiyo na idhini ya halmashauri.

Lakini jina sahihi kwenye karatasi halimalizi jambo. Miteremko ya Mlima Meru imejaa vihamba vya ukoo, na nyumba nyingi zinazouzwa leo zimesimama juu ya urithi ambao haujagawanywa. Kijana anaweza kukuonyesha mpaka wa masale kwa uhakika kabisa, ilhali baba yake alifariki na mirathi haijafunguliwa; hapo anayeweza kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto anayeishi pale. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kaa na mke wa muuzaji, na ndugu zake, na jirani wa kila upande, ukiwauliza bila dalali kuwepo. Wameru walimtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi yao ya Engare Nanyuki. Madai ya ardhi hapa hayafi kwa sababu mtu mmoja amepokea fedha. Sheria humpa mdai miaka 12.

Kisha tazama mahali penyewe. Mito ya Themi na Naura inapita katikati ya makazi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba yenye alama ya X ya kubomolewa, hata ikipakwa rangi upya, bado ina X.

Wengi watasema wamenunua kwa mwenyekiti na wanaishi kwa amani. Ni kweli, na amani hiyo hudumu mpaka atokee wa kuidai ardhi. Barabara mpya na uwanja wa AFCON 2027 vinapandisha bei, na madai ambayo jana hayakustahili nauli ya kwenda Baraza la Ardhi leo yanastahili wakili. Wengine wanahofia kuchelewa, mwingine asije akawahi. Njia ipo: lipa sehemu ndogo kupitia benki, mkataba useme itarudishwa upekuzi ukikwama, salio lisubiri uhamisho. Andikeni pia nani analipa ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji. Ukiombwa kuandika bei ndogo ili kodi ipungue, kataa. Tuseme umelipa milioni 70, mkataba unasema 40. Mauzo yakibatilishwa, utadai 40, na 30 zilizobaki utazitafutia mashahidi.