Jinsi ya kulinda afya ya akili unapoishi na ndugu wakorofi

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MIEZI ya Oktoba hadi Desemba huwa ya neema mkoani Mtwara. Korosho hupelekwa ghalani, minada hufanyika na fedha huwafikia wakulima. Lakini katika baadhi ya familia, kutoka Newala hadi Msimbati, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, neema hiyo hufungua mlango wa ugomvi: nani mwenye mikorosho, nani aliyepalilia, nani alipe ada ya shule na nani agharimie unyago.

Ugomvi huo una mizizi yake. Wamakonde, Wayao na Wamakua kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, huku baba naye akiwa na matarajio yake kwa watoto hao hao. Mkorosho huishi miaka mingi, na aliyeupanda akifariki, swali la nani arithi, wanawe au wapwa zake, huweza kuigawa nyumba.

Anayeumia zaidi mara nyingi ni yule asiye na pa kwenda: binti aliyerejea kwao baada ya ndoa kuvunjika, kijana asiye na ajira, au mjane anayelishwa kwa masimango.

Dalili za kuangalia

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa afya ni ustawi wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Mtu anayetukanwa kila siku nyumbani huishi kama aliye vitani. Usingizi hupotea, moyo humwenda mbio, kichwa humuuma, na hasira humtoka kwa jambo dogo.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu wiki 2 au zaidi, huenda ikawa sonona. Huo ni ugonjwa wenye tiba. Si uvivu, wala si aibu.

Nini kifanyike?

Kwanza, usiingie katika kila ugomvi. Wahenga walinena: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Kumwambia mjomba kwa adabu kwamba umemsikia, na kwamba mtazungumza kesho, si kumkosea heshima.

Pili, masuala ya fedha na mashamba yaandikwe kabla ya msimu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mgogoro wa shamba ukishindikana nyumbani, upelekwe Baraza la Ardhi la Kijiji.

Tatu, tafuta mtu mmoja wa kumweleza yaliyo moyoni. Bibi, ambaye ni mtani wa wajukuu zake, mara nyingi husema yale ambayo wengine hawathubutu kuyasema. Rafiki au kiongozi wa dini anafaa pia.

Nne, linda usingizi wako na kazi yako, hata kama ni kibanda kidogo cha biashara. Kutuliza mawazo kwa uraka huongeza kuni motoni.

Si kila jambo ni la kuvumilia

Maneno makali ni jambo moja, kupigwa ni jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Vipigo na vitisho viripotiwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa mtoto anayeteswa, ipo namba ya simu 116.

Anayefikiria kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe mara moja kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula.

Ndugu hawachaguliwi. Hata hivyo, kuhamia kwa muda kwa shangazi au kupanga chumba mjini si kuukana ukoo. Wapo ambao heshima baina yao na ndugu zao ilirejea pale walipoacha kulala chini ya paa moja.