Mkaguzi wa hesabu aliyebwagwa mara tatu, jina lake likashinda bila yeye

MNAMO Mei 1978, wafuasi wa chama cha Democratic katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, walipiga kura ya mchujo na kumteua Robert P. Casey kuwania unaibu gavana. Kasoro ilikuwa moja tu: wengi wao walidhani wanamchagua mtu mwingine.

Mshindi huyo alikuwa mwalimu wa shule mjini Pittsburgh ambaye pia aliuza aiskrimu. Hakuwa amefanya kampeni ya kutajika. Casey aliyejulikana na umma alikuwa wakili wa mji wa Scranton, aliyekuwa amehudumu miaka minane kama Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za jimbo hilo. Naye alikuwa kwenye karatasi za mchujo siku iyo hiyo, ila yeye aliwania ugavana. Akashindwa, kwa mara ya tatu. Jina lake lilipita upande mmja na mwenyewe akaanguka upande wa pili.

Kisa hicho huchekesha na kusikitisha kwa pamoja, lakini si kioja tu. Ndani yake mna maelezo ya jinsi mambo yanavyokwenda pale ambapo anayekagua matumizi ya pesa za umma ni mwanasiasa anayetafuta kura kama wanasiasa wengine.

Katika karibu nusu ya majimbo ya Marekani, mkaguzi wa hesabu huchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Pennsylvania ni mojawapo. Huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne, na haruhusiwi kuhudumu zaidi ya vipindi viwili mfululizo. Afisi yake mjini Harrisburg hukagua idara za serikali, wilaya za shule, hazina za pensheni za wafanyakazi wa miji na hata maduka ya mvinyo na pombe kali, kwa kuwa katika jimbo hilo ni serikali yenyewe inayoendesha maduka hayo.

Hapa Kenya utaratibu ni tofauti kabisa. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 chasema Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huteuliwa na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ni lazima awe na ujuzi mpana wa masuala ya fedha za umma au tajriba ya angalau miaka 10 katika ukaguzi au usimamizi wa fedha hizo. Hukaa afisini miaka minane pekee, wala hawezi kuteuliwa tena. Kwa maneno mengine, sheria ya Kenya imejaribu kumwondolea mkaguzi kishawishi cha kumpendeza yeyote.

Casey hakuwa mhasibu. Alikuwa mwanasheria, mwana wa mtu aliyefanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe tangu utotoni kabla ya kufanikiwa kusomea uwakili ukubwani. Aliingia Seneti ya jimbo mwaka wa 1963, na mnamo 1966, akiwa na umri wa miaka 34, akajitosa katika kinyang'anyiro cha ugavana huku vigogo wa chama wakimuunga mkono. Akabwagwa katika mchujo na Milton Shapp, tajiri wa biashara ya vifaa vya televisheni aliyegharimia kampeni kwa pesa zake mwenyewe.

Miaka miwili baadaye Casey alichaguliwa kuwa Mkaguzi Mkuu. Mwaka wa 1970 akarudi kuwania ugavana, Shapp akamshinda tena na safari hii akaingia ikulu ya jimbo.

Msomaji wa Kenya huenda akauliza aliwezaje kuwania wadhifa mwingine na bado akabaki mkaguzi. Jibu limo katika kalenda. Pennsylvania humchagua mkaguzi katika mwaka wa uchaguzi wa rais, ilhali gavana huchaguliwa miaka miwili baadaye. Hivyo basi, mkaguzi aliye katikati ya kipindi chake anaweza kuwania ugavana bila kuhatarisha kiti chake. Akishinda, apanda ngazi. Akishindwa, asubuhi yake anarudi kwenye meza yake na kuendelea kukagua vitabu. Nchini Kenya chaguzi zote kuu hufanywa siku moja, na sheria humtaka mtumishi wa umma anayekusudia kuwania ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku hiyo.

Aliporudi kwenye meza yake, Casey alikabiliwa na jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tangu Januari 1971 hadi alipoondoka Januari 1977, kazi yake ilikuwa kukagua serikali iliyoongozwa na mtu aliyemshinda mara mbili. Kasoro yoyote ambayo angefichua katika utawala wa Shapp ingeweza kusemwa ni kisasi. Kunyamaza nako kungesemwa ni hila ya mtu anayelinda chama ili kisimsahau. Mkaguzi anaweza kuwa mwadilifu kuliko wote, lakini akishapanda jukwaani kuomba kura dhidi ya yule anayemkagua, ripoti zake hazisomwi tena kwa jicho lile lile.

Hata hivyo, rekodi yake ilikuwa nzuri. Afisi hiyo ilikuwa imezoeleka kuwa mahali pa kuwatunuku wapiga debe wa chama kwa ajira. Casey aliajiri wataalamu na kuondoka na sifa ya uaminifu. Alichaguliwa tena mwaka wa 1972, na muda wake ukaisha bila kashfa.

Ubora wa kazi hiyo ulionekana zaidi baada yake. Mrithi wake, Al Benedict, naye wa chama cha Democratic, aliongoza afisi hiyo hadi 1985. Ikaja kubainika kwamba katika enzi yake nafasi za kazi katika afisi ya ukaguzi zilikuwa zikiuzwa. Mnamo 1988 Benedict alikiri makosa mbele ya mahakama ya kitaifa na akafungwa. Naye, ikumbukwe, alikuwa amechaguliwa na wananchi kwa kura, tena mara mbili.

Sifa aliyoacha Casey ikageuka mali isiyo na mlinzi. Mwaka wa 1976, afisa mmoja wa kaunti ya Cambria aitwaye Robert E. Casey alijitosa kuwania wadhifa wa mweka hazina wa jimbo. Aliutwaa uteuzi wa chama kwa gharama ndogo mno, kisha akashinda uchaguzi wenyewe. Miaka miwili baadaye ndipo akazuka mwalimu wa Pittsburgh. Yamkini baadhi ya wapigakura walifikiri wamepata suluhu ya busara: Pete Flaherty, aliyekuwa meya wa Pittsburgh, awe gavana, naye mkaguzi mwaminifu Casey awe naibu wake. Flaherty na Casey huyo wa aiskrimu walishindwa Novemba na wagombea wa Republican, Dick Thornburgh na William Scranton III.

Karatasi za kura za Kenya huwa na picha ya mwaniaji na nembo ya chama, na yeyote anayedhani huo ni upotevu wa wino afaa kuzingatia yaliyotukia Pennsylvania. Katika mchujo wa chama kimoja, hata jina la chama halimsaidii mpigakura kuwatofautisha watu wawili wenye jina moja.

Wengi waliamini Casey amekwisha. Wapinzani walimtungia kejeli yenye vina iliyotaja kushindwa kwake mara tatu pamoja na chuo cha Holy Cross alikosomea. Alirudi kwenye uwakili. Lakini mnamo 1986, akiwa na miaka 54, alijitokeza tena, akisisitiza kwamba yeye ndiye Casey halisi. Katika mchujo alimshinda Ed Rendell, aliyekuwa mkuu wa mashtaka wa Philadelphia. Mpinzani wake Novemba alikuwa yule yule Scranton, ambaye ukoo wake ndio uliompa jina mji anakotoka Casey.

Kampeni hiyo ilisimamiwa na James Carville, ambaye miaka sita baadaye angemsaidia Bill Clinton kuingia White House. Siku za mwisho lilirushwa tangazo la televisheni lililomwonyesha Scranton wa ujanani, likiambatana na muziki wa Kihindi, kukumbusha jinsi alivyowahi kupenda kutafakari kwa mtindo wa watawa wa Mashariki. Casey akashinda kwa takriban kura 79,000 kati ya zaidi ya milioni tatu. Ni vigumu kusema kwamba ni rekodi ya ukaguzi iliyompa ushindi. Tangazo hilo halikuwa na uhusiano wowote na hesabu za umma.

Alihudumu vipindi viwili hadi Januari 1995, akapandikizwa moyo na ini mwaka wa 1993 akiwa bado madarakani, na kuaga dunia Mei 2000. Mwaka wa 1990 alitetea kiti chake dhidi ya Barbara Hafer wa Republican na kumshinda kwa zaidi ya kura milioni moja. Hafer wakati huo alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Baada ya kushindwa alirudi afisini na kuendelea kuikagua serikali ya Casey kwa miaka minne zaidi.

Tangu hapo, njia ya kutoka afisi ya ukaguzi kwenda ikulu ya Harrisburg imewashinda wengi. Bob Casey mwana, aliyechaguliwa mkaguzi mwaka wa 1996, alibwagwa katika mchujo wa ugavana wa 2002 na Rendell yule yule aliyeshindwa na babake. Jack Wagner akashindwa katika mchujo wa 2010. Eugene DePasquale alijaribu ubunge wa kitaifa mwaka wa 2020 akiwa bado mkaguzi, kisha uanasheria mkuu wa jimbo mwaka wa 2024, na kukosa vyote viwili. Casey mwana alifika Seneti ya Marekani kwa uchaguzi wa 2006, akakipoteza kiti hicho 2024.

Katika uchaguzi uo huo wa Novemba 2024, kiti cha Mkaguzi Mkuu kilibaki na Tim DeFoor wa Republican, ambaye kabla ya siasa alifanya kazi za uchunguzi na ukaguzi. Aliyemshinda ni mbunge wa Philadelphia ambaye Mkenya hangeweza kulipita jina lake bila kugeuka: Malcolm Kenyatta. Ni jina ambalo babu yake, mwanaharakati Muhammad Kenyatta, alijitwalia badala ya lile alilozaliwa nalo.