Muyaka alimpata Mwalimu Sikujua. Manju wa Ngulyati je?

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alifariki Mombasa karibu mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Alichoacha kilikuwa vinywani mwa watu: mafumbo, vijembe kwa mahasimu wa mji wake, mashairi ya mapenzi, ya safari za baharini, ya marafiki wanaotoweka mtu akiishiwa. Enzi zake sehemu kubwa ya ushairi ulioandikwa ilikuwa tenzi za dini. Yeye aliuchukua ushairi akaupeleka barazani na sokoni, ukaanza kuzungumzia bei, fitina, vita na ndoa. Alikuwa fundi wa ubeti wa mistari minne, na alikuwa na ulimi mkali.

Ulimi wa namna hiyo ndio unaopotea upesi. Utenzi wa dini una msikiti wa kuutunza na watoto wa chuoni wa kuukariri. Kijembe hakina mlezi. Wakishakufa waliochekwa na waliocheka, nacho kinakwenda nao.

Cha Muyaka hakikwenda, na sababu ni mtu mmoja ambaye naona hatumtaji vya kutosha. Mwaka 1880 mmisionari Mwingereza, William Taylor, alifika Mombasa, akakipenda Kiswahili na kukisoma kwa bidii. Lakini kazi ya kuwafikia wazee waliokuwa bado wanamkumbuka Muyaka ilihitaji mwenyeji. Ikafanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa ambaye mwenyewe alikuwa malenga. Yeye ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo kwa watu, yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye akamfafanulia Taylor maneno magumu na visa vilivyoyazaa. Sikujua alifariki 1890. Taylor naye alifariki 1927, na diwani bado haijachapwa. Ilitoka mwaka 1940, Johannesburg, kwenye kiwanda cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mhariri akiwa William Hichens. Kutoka kaburi la Muyaka hadi kitabu chake ilipita takriban miaka 100. Angekosekana Sikujua katika ile miaka ya 1880, wachapaji wasingepata cha kuchapa.

Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu wa Kenya, akatoa kitabu kingine juu ya Muyaka, mashairi na tafsiri ya Kiingereza pamoja, kikachapwa Nairobi. Mimi nakipenda zaidi hicho, kwa sababu kinaurudisha mji wa Mombasa kuzunguka mashairi: utawala wa Wamazrui, ugomvi na Lamu, Vita vya Shela vya miaka ya 1810, Sultani Seyyid Said akiinyatia Mombasa mpaka akaitwaa 1837. Bila mambo hayo msomaji wa leo anaona vina na mizani tu. Akiyajua, anaona nani anapigwa na kwa nini inauma.

Hata hivyo diwani ya mtu mmoja ina upungufu wake. Muyaka hakuwa akisema peke yake. Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, malenga na kiongozi, ambaye alikuwa hakubali kuchokozwa akanyamaza. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipochapisha mashairi ya Vita vya Kuduhu, ya ugomvi huohuo wa Mombasa na Lamu, mwaka 1995, waliweka pande zote mbili zinazojibizana, na hapo ndipo mtu anapoona jinsi neno la mmoja linavyookotwa na mwenzake na kurudishwa likiwa na makali mapya. Mzaha wa malenga ukitengwa na jibu lake unabaki nusu.

Nayasema haya nikiwa Ngulyati, wilayani Bariadi, mbali kabisa na bahari, kwa sababu huku kwetu majibizano kama hayo hayajawahi kukatika.

Pamba ikishauzwa, kuanzia mwezi wa sita na kuendelea, ndio msimu wa ngoma. Bagika wanasimama upande wao, Bagalu upande wao, vyama viwili vilivyoanza kushindana Usukumani tangu karne ya 19. Hakuna jaji mezani. Anayeamua ni watu: wakihama upande mmoja kwenda mwingine, ushindi umehama nao. Katikati ya kundi yuko manju, ningi kama tunavyomwita kwa Kisukuma. Mtazame kwa karibu. Anaanza taratibu, anataja jina lake na la baba yake, anasalimia wakubwa waliopo, kisha analeta jambo ambalo kila mtu anadhani ni habari ya ng'ombe au ya mvua. Wanakikundi wanaitikia. Anarudia na kuongeza neno moja, na hapo kina mama waliosimama nyuma wanapiga vigelegele, kwa sababu wameshaelewa kwamba yule ng'ombe ni mtu, na mtu mwenyewe yuko upande wa pili anasikia. Upande wa pili nao hawangoji kesho.

Huyo ni Muyaka, ila hana baraza wala herufi za Kiarabu. Ana uwanja wenye vumbi na watu wanaoelewa upesi.

Sisemi kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1988 Elias Songoyi, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu kuhusu waimbaji wawili na uhusiano wao na dola: Kalikali wa Usukumani na Mwinamila wa Tabora. Mwaka 2010 Mmarekani Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, mamia ya nyimbo zikiwa na Kisukuma chake, pamoja na maelezo ya nani alitunga na katika hali gani. Ni kazi ya heshima. Humo unaona jinsi wakulima walivyoimba jembe, pamba, ushirika na siasa, pamoja na ile miaka ya 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilipoizuia TANU Usukumani. Lakini kitabu kilichapwa Leiden, Uholanzi, na tafsiri ni ya Kiingereza. Diwani ya Muyaka ilitoka Johannesburg na karatasi za Taylor ziko London. Njia ni ileile, na inaniuma. Manju wa Bariadi asomwe Leiden kabla ya kusomwa Bariadi?

Wengine watasema siku hizi kila kitu kinarekodiwa. Ni kweli, nyimbo zinauzwa kwenye vibanda, zinaingizwa kwenye memori kadi, bodaboda anazicheza mchana kutwa. Nashukuru sauti inabaki. Kinachopotea ni kile Sikujua alichomweleza Taylor: huyu anayeitwa ng'ombe ni nani, aliyejibu alijibu nini, mwaka ule bei ya pamba ilikuwaje hata watu wakacheka kwa uchungu. Memori kadi haina pembeni pa kuandikia. Shaaban Robert aliandika mwenyewe, na baada ya kifo chake mwaka 1962 wachapaji walikuwa na pa kuanzia. Manju hana karatasi. Anategemea sisi tuliosimama uwanjani.

Wanaoweza kazi hii wapo. Mwalimu wa sekondari anayekijua Kisukuma vizuri na Kiswahili vizuri anatosha kuianza, na wanafunzi wake wana babu na bibi waliowasikia manju wa zamani kwa masikio yao. Daftari la kaunta linatosha. Juu ya kila wimbo yaandikwe jina la manju, chama chake, mwaka, kijiji ulikoimbwa, aliyelengwa, na alivyojibu. Kisukuma kushoto, Kiswahili kulia. Bagika na Bagalu waingie kitabu kimoja, kurasa zikitazamana, hata kama wenyewe watagombania nani atangulie.

Na kazi ianze na wazee waliopita miaka themanini, msimu huu huu.