Alama Hufuata Karatasi

"Alama kwenye mchoro wangu zimekuwa ndogo sana, hazisomeki. Nizikuze mara ngapi?"

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, na kila anayeliuliza huambatanisha picha ya skrini. Picha hiyo hainisaidii kitu. Kwenye skrini alama huwa ndogo ukirudi nyuma na huwa kubwa ukisogea karibu. Kuniuliza "mara ngapi" kwa picha ya skrini ni kunitaka nitaje uzito wa mtoto kwa kutazama picha yake. Nimelijibu mtu mmoja mmoja kwa miaka mingi, na leo nalijibu mbele ya wote.

Kosa limo ndani ya neno "nizikuze". Anayelitumia anadhani alama ina ukubwa wake ndani ya mchoro, kama mlango au nguzo. Haina. Muhuri wa serikali ya mtaa ni uleule, ugongwe kwenye barua ya kiwanja kidogo au ya shamba la ekari mia, kwa kuwa muhuri hufuata karatasi. Mshale wa kipimo, duara la mhimili, alama ya kaskazini, alama ya usawa wa sakafu na namba ya mlango vyote ni vya ukoo huo. Herufi iliyokusudiwa kuwa na urefu wa milimita 2.5 inapaswa kuwa milimita 2.5 juu ya karatasi, mchoro uwe wa skeli ya 1:50 au ya 1:500.

Kwa kuwa ndani ya kompyuta tunachora jengo kwa vipimo vyake halisi, herufi hiyo itahitaji urefu wa 250 ikiwa unachora kwa milimita na utachapa kwa 1:100. Kwa 1:50 itahitaji 125. Ukichora kwa mita na kuchapa kwa 1:100, itahitaji 0.25. Hesabu ni hiyo tu, wala haina siri nyingine. Lakini huwezi kuifanya bila kujua skeli, kizio na karatasi. Asiyetaja hayo matatu bado hajauliza swali.

Hata hivyo, kutojua hesabu si dhambi. Kinachonikera ni dawa ya mkato inayopitishwa vyuoni na maofisini kana kwamba ni ujuzi: kwenye AutoCAD chagua alama zote, toa amri ya SCALE, zidisha kwa 2, na zikikataa, zivunje kwa EXPLODE kisha uzidishe tena. Nimefundishwa dawa hii na watu wenye vyeti, wakiwa na uhakika kabisa. Nitaeleza inavyoharibu hatua kwa hatua, maana aliyeizoea haamini mpaka aone.

Anza na SCALE. Mstari wa kipimo ni kitu kinachopima: kinashika ncha mbili, kinahesabu umbali kati yake, kisha kinaandika jibu. Urefu wa herufi zake haumo ndani yake, umo kwenye staili inayokitawala pamoja na vipimo vingine vyote. Ukikizidisha kwa 2, unavuta zile ncha mbili. Matokeo yake ni kwamba herufi zinabaki ndogo vilevile, ila namba ndiyo inayobadilika: 3600 inakuwa 7200. Hapa mchoraji alipaswa kusimama na kujiuliza. Wengi hawasimami.

Wanakwenda hatua ya pili. Mmoja anafuta 7200 na kuandika 3600 kwa mkono. Mwingine, ambaye amejua kidogo zaidi na kwa hiyo ni wa hatari zaidi, anaingia kwenye DIMLFAC, kizidishio cha majibu ya vipimo, na kuweka 0.5 ili programu igawe kila jibu kwa mbili. Sasa namba inaonekana sahihi huku kipimo chenyewe ni cha uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mchoro wa namna hii nao huumbuka siku mtu mwingine atakapoufungua.

Hatua ya tatu ni EXPLODE, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Amri hii huvunja kipimo kiwe vipande: mistari, mishale na maandishi yasiyohusiana. Vipande hivyo vinakubali kukuzwa, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini 3600 iliyobaki pale haipimi tena chochote. Ni maandishi kama maandishi ya jina la mteja. Ukuta ukisogezwa, namba inakaa palepale.

Niliwahi kuitwa kwenye ujenzi wa ghala baada ya fremu za chuma kufika. Nguzo hazikukaa kwenye bolti za msingi. Katikati ya kazi, umbali kati ya mihimili miwili ulikuwa umebadilishwa kutoka 6000 kuwa 6250. Mchoraji aliisogeza mihimili kama alivyoagizwa, na vipimo vyote kwenye mchoro vikajirekebisha isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimevunjwa wiki kadhaa kabla, kwa sababu herufi zake zilionekana ndogo. Kikaendelea kusema 6000. Fundi wa msingi alifuata namba, kama alivyofundishwa: kwenye mchoro hufuatwa namba iliyoandikwa, haipimwi karatasi kwa rula. Alifanya sawa kabisa. Zege lilivunjwa, bolti zikang'olewa, na lawama ikamwangukia yeye kwanza, mtu ambaye hakuwa na njia ya kujua kwamba ile namba ilikuwa imekufa. Tangu siku hiyo sina uvumilivu na mtu anayeniambia kwamba EXPLODE "haina madhara ukiwa makini". Umakini wako haukai ndani ya faili. Faili linakwenda kwa mtu mwingine bila wewe.

Alama zilizotengenezwa kama bloku huumia kwa namna nyingine. Namba ya mlango, kwa mfano, huwa ni bloku yenye nafasi ya kujazwa: ndani yake imeandikwa M03 au M14. Ukiivunja, M14 inatoweka na badala yake linajitokeza jina la ile nafasi, lilelile kwa milango yote. Mchoraji anaandika upya kwa mkono, anafurahi. Kisha anaiagiza programu ihesabu milango ili atoe jedwali, na milango aliyoivunja haihesabiwi, kwa kuwa haimo tena kwenye orodha ya bloku. Jedwali linakuja na milango 17 kwenye jengo lenye 23, na fundi seremala anaagizwa 17.

Wachoraji wa vipuri vya mitambo wasidhani wamesalimika. Chukua alama ya umaliziaji wa uso, ile inayofanana na vema la mwalimu, inayomwambia fundi wa kukereza vyuma uso uwe laini kiasi gani. Kiwango cha ISO 1302, ambacho tangu mwaka 2021 nafasi yake imechukuliwa na ISO 21920-1, kiliufunga ukubwa wa alama hiyo na urefu wa herufi. Herufi zikiwa za milimita 2.5, mstari wa alama una unene wa 0.25, mkono mfupi una kimo cha 3.5, na mrefu angalau 7.5. Herufi zikiwa za 3.5, unene ni 0.35, mkono mfupi 5, mrefu angalau 10.5. Vyote vinapanda pamoja. Anayechukua SCALE na kuivuta alama peke yake anapata alama kubwa yenye mstari uleule mwembamba, kwa sababu unene wa mstari haufuati amri hiyo, huku namba za jirani zimebaki fupi. Badilisha urefu wa herufi kwenye staili, na alama ifuate.

Dawa nyingine ya familia hiyohiyo inahusu DIMSCALE, kizidishio cha ukubwa wa alama za vipimo: "weka DIMSCALE 100, kila kitu kitakaa sawa". Mia moja ni sahihi kwa mtu anayechora kwa milimita na kuchapa kwa 1:100. Kwa mwenye 1:50 ni kosa la mara mbili. Kwa mpima ardhi anayechora kwa mita ni kosa la mara elfu moja: yeye anahitaji 0.1. Namba iliyomponya jirani yako ilikuwa jibu la mchoro wa jirani yako.

Sasa sababu ambayo kwa uzoefu wangu ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, na hakuna anayeitazama: alama hazikuwahi kuwa ndogo. Karatasi ndiyo iliyopunguzwa. Mchoro umepangwa kwa A1, yaani milimita 594 kwa 841. Ofisi haina plota, ina printa ya A3. Mtu anabofya mahali pa kutoshea karatasi, na programu inausukuma mchoro mzima uingie kwenye milimita 297 kwa 420. Kila urefu umekuwa nusu. Herufi za 2.5 sasa ni 1.25. Ukiuchapa mchoro huohuo kwenye A4, zinashuka chini ya milimita moja, na hapo fundi anausogeza usoni akitafuta mwanga. Skeli iliyoandikwa 1:100 nayo imekuwa uongo, maana kwenye A3 hiyo ni 1:200.

Waliotunga viwango waliliona hili zamani. Urefu wa herufi katika ISO 3098 unapanda 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14, 20, kila hatua ikizidi iliyotangulia kwa takriban mara 1.4. Huo ndio uwiano uleule kati ya pande za A2 na A1, au A4 na A3. Ukishusha karatasi hatua moja, herufi ya 3.5 inakuwa 2.5 na bado iko kwenye ngazi. Ukishusha hatua mbili, herufi ya 5 inakuwa 2.5. Lakini ya 2.5 ikishuka hatua mbili inaanguka chini ya 1.8, na chini ya hapo hakuna ngazi tena.

Basi ufanye nini? Kwanza pima kwa rula herufi zilizochapwa. Zikiwa nusu ya zilivyopaswa kuwa, tatizo ni karatasi: panga leyauti mpya ya A3 na uchague skeli inayoingia humo, au, kama lazima mchoro wa A1 utasomwa ukiwa A3, weka herufi za 5 tangu mwanzo.

Kama karatasi ni sahihi, nenda kwenye staili. Weka hapo urefu wa karatasi, 2.5 au 3.5, kisha chagua njia moja kati ya tatu na usizichanganye. Njia ya kwanza ni alama zinazofuata skeli zenyewe, ambazo AutoCAD imekuwa nazo tangu toleo la 2008: unatangaza skeli, zinajikokotoa. Ukichora kwa mita, ongeza skeli zako kwenye orodha, maana zilizomo hazitakufaa zilivyo. Ya pili ni DIMSCALE, staili moja kwa kila skeli. Ya tatu ni kuweka alama zote upande wa leyauti kwa 1:1.

Alama ya bloku ikiwa na ukubwa usiofaa, fungua bloku yenyewe kwa BEDIT, rekebisha mara moja, na zote zitabadilika. Ikiingia ikiwa kubwa mara 25.4, ni inchi na milimita zimegongana. Ikiwa mara 1000, ni mita na milimita. Sahihisha kizio, yaani INSUNITS, kwenye faili la bloku na kwenye mchoro unaoipokea. Mistari ya vipande ikionekana mizima, hilo ni la LTSCALE, skeli ya aina za mistari, usiguse herufi.

Kwenye SolidWorks, badilisha fonti za alama kwenye sifa za hati, hifadhi kama kiolezo, na hifadhi pia faili la kiwango ili uliingize kwenye michoro iliyopo. Kwenye Inventor, rekebisha staili kwenye maktaba, kisha liamuru faili la zamani lizisasishe.

Na msinililie kwamba "nimebadilisha kiolezo lakini michoro yangu haikubadilika". Kiolezo hunakiliwa siku faili linapozaliwa. Baada ya hapo hakuna kamba inayoviunganisha. Michoro ya zamani ipelekee staili mpya wewe mwenyewe kupitia DesignCenter ya AutoCAD, na uipe jina jipya, kwa kuwa staili yenye jina lililokwisha kuwamo haitafunikwa. Kisha vihamishie vipimo kwenye staili hiyo.

Kijana aliyeniandikia wiki hii nilimjibu kwa sentensi moja: chapa, pima herufi kwa rula, unitumie namba. Alikasirika kidogo; alitaka kizidishio. Baada ya saa moja akaandika: "Ni milimita moja na robo hivi, mwalimu." Nikamuuliza ofisi yao ina printa gani. Akajibu A3.

Kiolezo chake kilikuwa kimewekwa herufi za 2.5 na kilikuwa hakina kosa lolote. Vipimo 64 kwenye mchoro huo vilikuwa bado vizima, bado vinapima. Nilimwambia asiviguse hata kimoja, apange leyauti ya A3, achape tena.